Raba tatu, makosa matatu: mchoro wa muhuri unahamishwaje?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nauza viungo kwenye vifuko vya khaki, na nimechoka kuandika kila kifuko kwa mkono. Nataka nichonge mwenyewe muhuri wenye picha ya karafuu na neno KARAFUU chini yake, kwenye raba za kufutia za shuleni. Nimeshaharibu raba 3. Ya kwanza maandishi yalitoka kinyume. Ya pili mchoro wa penseli ulifutika mkononi kabla sijafika nusu. Ya tatu nilifuata video, nikapaka asetoni mgongoni mwa fotokopi, raba ikalainika na kunata kama ulimbo. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole, lakini bado hujanifikia. Fundi aliyenifundisha pale Kariakoo alikuwa akichonga kwa wembe mkavu kwenye soli za kandambili. Siku yangu ya kwanza alinipa soli nzima nijifunzie, na jioni aliitupa nzima bila kusema neno. Leo mashine za leza zinatoa muhuri wa ofisi ukiwa unasubiri hapohapo, na kazi ya mkono imebaki kwa watu kama wewe, wanaotaka alama yenye sura yao. Tena umepata karatasi nzuri ya kuanzia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kifuko cha khaki kiko kila duka, na kile kikwaruzo chake kinanywa wino wa pedi vizuri kuliko karatasi yoyote ya kung'aa.

Nimesoma makosa yako mara mbili. Yote 3 yalitokea kabla hujakata chochote cha maana. Mkono wako hauna tatizo bado. Wenye tatizo ni mchoro, na njia uliyoupitisha kuufikisha kwenye raba. Kwa hiyo sitakufundisha sana kukata leo.

Tuanze na hili la kinyume. Mchoro ukilazwa kifudifudi juu ya kitu na kuacha alama, unageuka, kulia kunakuwa kushoto. Kupiga muhuri ni geuzo moja tayari. Unahitaji geuzo jingine kabla yake, ili jumla yawe mawili. Mageuzo yakiwa shufwa, neno linasomeka; yakiwa witiri, umeumia. Wewe ulichora moja kwa moja juu ya raba, basi geuzo lilikuwa moja tu. Ungechora kwenye karatasi kwa penseli laini, ukailaza kifudifudi juu ya raba na kuisugua, hilo lingekuwa la kwanza, na kupiga kungekuwa la pili.

Karatasi ya kaboni inawaponza wengi hapa. Unaweka kaboni juu ya raba, juu yake mchoro ukiwa unakutazama, unafuatisha kwa kalamu, na mchoro unashuka vilevile ulivyo, bila kugeuka. Ukiipenda kaboni, kwanza bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, mgongo wake ukiwa kwako, ufuatishe mistari inayoonekana kwa nyuma, halafu utumie upande huo. Fotokopi ya asetoni ni kinyume chake: inalazwa kifudifudi, kwa hiyo usimwambie kijana wa steshenari akugeuzie picha kwenye kompyuta. Akigeuza yeye, ikigeuzwa na raba, na wewe ukapiga, hayo ni 3.

Na neno lako lina mtego. Katika KARAFUU, herufi A na U hata ukizigeuza ziko vilevile, nazo ni 4 kati ya 7. Jicho linapita juu yake, linaridhika, wakati K, R na F zinakusubiri uzichonge vibaya ndipo zikuumbue. Kabla ya kukata, shika raba mbele ya kamera ya simu, ile ya kujipigia picha mwenyewe. Kwenye simu nyingi kioo chake kinaonyesha kama kioo cha ukutani. Ukisoma KARAFUU pale kwenye kioo cha simu, na kwa macho yako makavu ukasoma UUFARAK yenye herufi zilizopinduka, endelea.

Sasa mchoro wenyewe, na hapa nataka ukae kitako. Nina hakika, bila kuuona, kwamba ulichora mistari ya nje tu, herufi tupu na karafuu tupu, kama kitabu cha watoto cha kupaka rangi. Karibu kila mtu anayeanza hufanya hivyo. Shida ni kwamba ukiwa na wembe mkononi, mstari haukwambii ukate upande gani. Kwenye muhuri kuna mambo mawili tu: kinachobaki juu kinapiga wino, kilichochimbwa kinabaki rangi ya karatasi. Hakuna kijivu, hakuna kivuli chepesi. Kwa hiyo jaza weusi. Chukua penseli au makapeni upake kila kitakachobaki juu, mpaka karatasi ionekane kama chapa yenyewe unayoitaka. Halafu iweke mbali, urefu wa mkono, ukunje macho. Kama karafuu inaonekana msumari au kijiti cha kiberiti, rekebisha hapo kwenye karatasi, ambapo kosa ni bure.

Karafuu ni tumba la ua lililokaushwa kabla halijafunguka. Iangalie moja mkononi: mwili mrefu unaopungua kuelekea chini, vijani 4 vidogo vilivyopanuka juu, na katikati yao kichwa cha mviringo. Ukiitazama kwa ubavu, vijani 2 vinaonekana pembeni na kimoja mbele, cha nyuma kimejificha. Usichore mikunjo yake yote. Mwili uwe mweusi mzima wenye mikwaruzo 2 tu myeupe ya kuupa mviringo, kichwa kiwe duara jeusi, na kati ya kichwa na vijani uache njia nyeupe. Hiyo njia nyeupe ndiyo inayofanya mtu aseme "karafuu". Ukiisahau, kichwa na vijani vitashikana kuwa donge moja.

Kwa vipimo, raba ndefu nyeupe za plastiki zina milimita 65 hivi kwa urefu, 23 kwa upana na 13 kwa unene. Ningekushauri utumie raba 2, moja ya picha na nyingine ya neno. Kwanza, ukiharibu herufi ya mwisho hupotezi karafuu nzuri uliyoimaliza jana. Pili, mwakani ukianza kuuza iliki au mdalasini wa Muheza, utachonga vingine na kuvipanga upya. Kwenye raba ya neno, acha milimita 2 kila mwisho, zinabaki 61. Gawa kwa herufi 7, kila moja inapata chini kidogo ya milimita 9 pamoja na nafasi yake. Herufi ya upana wa 7, kimo cha 12, na mistari yenye unene wa 2 inachongeka hata na mkono unaotetemeka. Mstari mwembamba kuliko milimita 1 usiuguse mwaka huu.

Angalia A kwa karibu. Ile pembetatu ndani yake ni sehemu ndogo kuliko zote utakazochimba, na ndiyo inayojaa wino kwanza ikiwa finyu. Dawa yake si kukata kwa ustadi zaidi. Dawa ni kushusha kile kijiti cha katikati, ukiweke chini kuliko ulivyofundishwa darasa la kwanza, pembetatu ipate nafasi. R nayo, lifanye tumbo lake kubwa na mguu mfupi. Herufi za muhuri hazifuati mwandiko mzuri, zinafuata wembe.

Njia moja rahisi ya kupata mistari iliyotulia ni kuchora kwa ukubwa maradufu, kisha upige fotokopi kwa asilimia 50. Mtetemo wote wa mkono unapungua nusu. Kumbuka tu kwamba na unene unapungua nusu: mstari unaoutaka uwe milimita 2 uchore 4.

Tufike kwenye kuhamisha. Kwa mchoro wako wa neno moja na picha moja, njia yako ni penseli. Osha raba kwa sabuni kwanza, maana mpya huja na unga wa kuteleza ambao penseli haishiki juu yake, kisha ikauke kabisa. Kama kuna nembo ya kiwanda iliyopigwa, tumia upande wa pili. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawaambiwi: bonyeza pedi nyekundu kidogo juu ya raba na uifute mara moja kwa tishu. Inabaki rangi ya waridi. Baadaye ukichimba, weupe wa ndani utakuonyesha wapi umeshakata na wapi bado. Bila hilo, raba nyeupe iliyochimbwa na ambayo haijachimbwa zinafanana, hasa usiku kwenye taa.

Lalisha karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, hata ile ya kuokea keki inafaa, juu ya kopi yako. Fuatisha kwa penseli ya 2B au 4B. HB ni ngumu, inaacha kidogo. 6B inaacha nyingi mno na kuchafua. Igeuze kifudifudi juu ya raba, ibane kwa selotepu upande mmoja tu ili ufunguke kama bawaba. Sugua mgongo wake kwa ukucha au kwa kijiko, duara ndogondogo, bila kukandamiza. Ukikandamiza, raba inatanuka chini ya kijiko, mchoro unashuka juu ya raba iliyotanuka, na ukiachia inarudi na mistari iliyopinda. Funua kona, angalia, rudisha, sugua palipofifia. Hiyo ndiyo faida ya bawaba.

Ndipo tunafika kwenye kosa lako la pili, na usijilaumu. Raba iliundwa ifute penseli, nawe unaiomba iitunze. Mwaka 1770 Mwingereza Joseph Priestley aliandika kuhusu kitu kipya kinachofuta alama za penseli kwenye karatasi, na jina la Kiingereza la raba lilitokana na kusugua huko. Miaka mia mbili na hamsini baadaye haijaacha tabia. Kiganja chako kikilala juu yake dakika 10, jasho na msuguano vinamaliza kazi.

Kwa hiyo mara tu mchoro ukishashuka, upitie kwa makapeni yenye ncha nyembamba, ile isiyofutika kwa maji, uache ukauke robo saa. Ijaribu kwanza pembezoni, maana kwenye raba nyingine wino wake unatambaa, na mstari wa milimita 2 unalala 2 unaamka 3. Ikitambaa, achana nayo. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja na uanze kukata upande ambao mkono wako hautarudi kupita. Mimi natumia mkono wa kulia, naanzia juu kushoto kama mtu anayeandika. Ila vile vitundu vidogo, pembetatu za A na tumbo la R, vitangulie vyote kabla ya kingo za nje, wakati raba inayovizunguka bado ni nene na imetulia.

Asetoni sasa. Video haikukudanganya, ilikuficha tu nusu ya maneno. Weusi wa fotokopi si wino, ni tona, unga wa plastiki ulioyeyushwa na joto juu ya karatasi. Ndiyo maana kopi hutoka ikiwa na vuguvugu. Asetoni inaulainisha unga huo, nao unahamia kwenye kitu ulichokibana nao. Tatizo ni kwamba raba nyingi nyeupe za siku hizi nazo ni plastiki, PVC iliyochanganywa na mafuta ya kuilainisha, na asetoni haichagui. Ulimwaga nyingi, ikaanza kulainisha na raba. Ule ulimbo ni raba yenyewe.

Ukitaka kuirudia siku nyingine, chovya pamba, ikamue mpaka isidondoke hata tone, gusisha mgongoni mwa kopi, bana kwa sekunde chache kwa kijiko na uinue. Kopi iwe ya mashine ya fotokopi au printa ya leza, tena mpya. Ya printa ya wino haitaleta kitu. Huna uhakika ni ipi? Lowesha kidole ufute kona: ya wino inachafuka, ya tona haitikisiki. Soma pia chupa, kwa sababu dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha siku hizi hazina asetoni kabisa, na nyingine zimetiwa mafuta. Fanya kazi hiyo madirisha yakiwa wazi na mbali na jiko; mvuke wake unashika moto haraka. Ukimaliza, raba ilale usiku mzima mahali penye hewa kabla ya kuigusa na wembe. Watu wengine wanatumia pasi ya moto mdogo bila mvuke badala ya asetoni. Kwenye vipande maalumu vya kuchongea mihuri inakubali, kwenye raba ya shule mimi siipendi, inajikunja.

Asetoni ina mahali pake, lakini si hapa. Inafaa mchoro wenye vipengele vingi ambavyo kufuatisha kwa mkono kungekuchosha, kama sura ya mtu. Japani, ambako kuchonga raba za kufutia ni burudani ya watu wazima kwa watoto, alikuwepo mwandishi Nancy Seki, mzaliwa wa Aomori mwaka 1962, aliyefariki 2002. Aliandika makala za kuwachambua watu wa televisheni na kuweka sura zao alizochonga mwenyewe kwenye raba. Ukizitazama chapa zake utaona jinsi anavyotupa vitu: pua ni kivuli kimoja, nywele ni weusi mtupu. Mtu unamtambua papo hapo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuamua nini kiachwe, na inafanyika kabla wembe haujatoka kwenye karatasi yake.

Kuhusu kukata nitasema machache. Wembe wa upasuaji namba 11 unatosha, kwenye kishikio chake. Ulaze kidogo ili ncha iende mbali na mstari, mstari ubaki na kitako kipana kama mlima. Ukikata kwa kuingia chini ya mstari, utaonekana mzuri siku 2, kisha utapinda unapobonyeza na kumeguka. Kina cha milimita 2 kinatosha. Kwenye kona na duara mkono wa wembe utulie, izunguke raba. Kwa kichwa cha karafuu hilo ndilo linaloleta tofauti kati ya duara na kiazi.

Usipige wino kila mara kuona umefikia wapi. Nyunyiza poda ya mtoto, ifute kwa kidole, na weupe utakaa mashimoni ukuonyeshe mchoro. Ukiwa tayari, usiuzamishe muhuri kwenye pedi. Ulaze muhuri uso juu na uugonge kwa pedi taratibu, maana raba laini ikizama inakokota wino mpaka mashimoni. Kifuko kiwe kitupu na kimelala juu ya gazeti lililokunjwa, maana mshono wa khaki chini yake utaonekana kwenye chapa kama kovu. Wino wa pedi si wa kula, basi piga nje, acha ukauke, ndipo ujaze viungo. Baada ya kazi futa kwa kitambaa chenye maji, si spiriti wala petroli. Uhifadhi muhuri ukiwa umefungwa kwenye karatasi. Usiuweke kwenye kopo la plastiki, kwani yale mafuta ya raba hutoka taratibu na kuyeyusha plastiki iliyo jirani. Rula za wanafunzi zinazoganda kwenye raba ndani ya begi, sababu ni hiyohiyo.

Jambo moja la pembeni. Majirani wakijua unachonga, wa kwanza atataka ua la kupiga kwenye bahasha za harusi, na wa pili au wa tatu atakuja na karatasi yenye muhuri wa ofisi fulani, akisema wa kwao umepotea na yeye ametumwa. Mimi walinijia hivyo mara nyingi pale barazani, wengine wamevaa tai. Kughushi muhuri ni jinai, na anayechonga haponi kwa kusema aliagizwa. Mwambie mashine yako imeharibika. Ataelewa, ingawa huna mashine.

Raba ya nne usinunue bado. Ile ya kwanza iliyotoka kinyume, mgongo wake ni mzima. Igeuze uchonge neno huko. Ya pili ioshe tu, kama hukukata zaidi ya kingo. Ya tatu iache wiki nzima, kisha kata juu milimita 3 kwa kisu kikali, mkato mmoja bila kurudia, utakuta chini yake haina habari ya asetoni. Hiyo iwe ya karafuu.